Kitunguu kizima hakimlizi mtu

Usiku wa kuamkia harusi ya binamu yangu, mwezi wa Julai, tulikuwa watu kumi na mmoja uani kule Uyole, Mbeya, tumekaa kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa. Katikati yetu kulikuwa na mabeseni matatu na gunia la vitunguu kutoka Ilula. Gunia hilo lilikuwa limeshinda jikoni, karibu na moto, lisipigwe na umande. La pili lilikosa nafasi likabaki barazani. Vitunguu vyote, vya pilau na vya kachumbari, vilitakiwa viwe vimekatwa wapishi wakifika saa kumi alfajiri. Haikupita robo saa kila mtu analia. Mpita njia angedhani tuna msiba.

Ushauri haukukosekana. Mama mdogo alisema dawa ni kung'ata kipande cha mkate, nusu ndani ya mdomo nusu nje. Wifi akaapa kwa njiti ya kiberiti iliyobanwa kwenye meno, kichwa cha njiti kikitazama nje. Jirani akabandika ganda la kitunguu juu ya kilemba. Kijana mmoja wa bodaboda aliinuka bila kusema neno, akarudi amevaa helmeti, akateremsha kioo na kuendelea kukata huku tukimcheka. Alidumu dakika tano hivi. Pumzi yake ikakutana na baridi, kioo kikaziba kwa ukungu, na nusura akate kidole.

Shangazi peke yake alikuwa na macho makavu. Alikuja na kisu chake mwenyewe, amekifunga kwenye kitambaa, kisu kilichonolewa miaka mingi hadi kimebaki chembamba kama jani la mtama. Tulipomuuliza siri, watu walimjibia: macho yake yamezoea. Yeye hakusema kitu, aliendelea kukata.

Jibu la "yamezoea" halikuniridhisha. Nimesoma kuhusu jambo hili tangu siku ile, na nimekata vitunguu vingi jikoni kwangu kwa makusudi, nikibadilisha kitu kimoja kimoja. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kitunguu kizima hakimlizi mtu. Lala na gunia zima chumbani, utasikia harufu usiku kucha lakini hutatoa chozi. Gesi inayoliza watu haimo ndani ya kitunguu. Inatengenezwa pale pale unapokata.

Chukua kiberiti cha wifi kama mfano. Njiti peke yake iko kimya, na ule ubavu wa boksi wenye rangi ya kahawia nao uko kimya. Moto haumo kwenye njiti wala kwenye boksi, unazaliwa vikikwaruzana. Kitunguu kimejengwa hivyo hivyo, tena katika kila seli yake. Kwenye majimaji ya seli kuna malighafi yenye salfa, jamii ya asidi amino, ambayo wanakemia huiita isoaliini. Kando yake, ndani ya kifuko kiitwacho vakuoli, kimehifadhiwa kimeng'enya, yaani protini inayogeuza vitu kuwa vingine, kinachoitwa aliineisi. Kati yao kuna utando mwembamba tu. Kisu kikipita, utando unapasuka na vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa vinakutana. Aliineisi inaikata isoaliini, na kinachotoka ni asidi isiyokaa hata sekunde moja, kwa sababu kimeng'enya cha pili kinaidaka na kuigeuza kuwa kitu chepesi kinachopaa: propanethiali-S-oksidi. Jina hilo unaweza kulisahau. Mimi mwenyewe nalitazama kwenye daftari.

Mmea haukufanya hivi ili kumkomoa mpishi. Kitunguu ni ghala la chakula lililozikwa ardhini, na wadudu na panya wanalijua. Atakayetia jino atakutana na bomu lililokuwa likimsubiri. (Vithiripi hawajali. Muulize mkulima yeyote wa Ilula jinsi majani yanavyogeuka meupe wadudu hao wakiingia shambani.)

Gesi hufika kilele kama nusu dakika baada ya kitunguu kujeruhiwa, kisha hupungua, na ndani ya dakika kama tano kazi imekwisha. Hii ilinifungua macho, samahani kwa mchezo wa maneno. Nilikuwa nikikilaumu kitunguu kilichoko mkononi, kumbe anayeliza zaidi ni beseni. Watu kumi na mmoja wanakata bila kupumzika, kila vipande vinavyodondoka vina nusu dakika yao ya ukali, na beseni lenyewe liko katikati ya magoti, chini kabisa ya pua. Ukiwa peke yako unakata kitunguu kimoja cha mchuzi, unaweza kumaliza kabla gesi haijakufikia. Kwenye shughuli huwezi.

Kile kimeng'enya cha pili kina hadithi yake. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba aliineisi inatosha na gesi inajitokeza yenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya vyakula ya House Foods ya Japani, wakiongozwa na Shinsuke Imai, walionyesha katika jarida la Nature kwamba sivyo. Walichukua aliineisi ya kitunguu saumu wakaipa malighafi ya kitunguu maji. Harufu ikatoka, gesi ya machozi haikutoka. Kwa hiyo kitunguu maji kina fundi mwingine ambaye saumu haina. Mwaka 2013 kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Hapo ndipo nilipoelewa jambo nililoliona tangu utotoni bila kulitilia maanani: unaweza kutwanga kinu kizima cha vitunguu saumu, mikono ikanuka siku mbili, na usitoe chozi hata moja.

Sasa twende kwenye jicho. Konea, kile kioo cha mbele, ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye miisho ya neva iliyosongamana kupita zote. Ndiyo maana chembe ya vumbi huhisi kama jiwe. Gesi ya kitunguu ikitua kwenye unyevu wa jicho inaamsha vipokezi vya maumivu, na vipokezi hivyo ni mlango ule ule unaogongwa na haradali na mabomu ya machozi ya polisi. Neva inapiga kelele, ubongo unaziamuru tezi za machozi zilizo juu ya pembe ya nje ya jicho zifungue maji, na jicho linaoshwa. Kumbe machozi ndiyo tiba. Ukiyafuta kwa mkono uliokuwa umeshika kitunguu, unaongeza ugonjwa.

Utasikia pia kwamba gesi ikikutana na maji ya jicho inageuka kuwa asidi ya salfuriki na kuchoma jicho. Maneno haya yamezagaa sana, hata walimu huyafundisha. Yana chembe ya ukweli, maana gesi hiyo ikivunjika ndani ya maji hutoa vitu vyenye salfa, asidi ikiwemo. Lakini ni kidogo mno. Jicho halichomwi, linapigiwa kengele. Ingekuwa asidi, mama ntilie wa Mwanjelwa wote wangekuwa vipofu.

Na machozi hayo si sawa na ya msibani. Mwaka 1981 Mmarekani William Frey alilinganisha machozi ya watu waliotazama filamu za huzuni na machozi ya watu waliolizwa kwa kitunguu kibichi, akaona yale ya huzuni yana protini nyingi zaidi. Kwa hiyo anayejifanya kulia msibani kwa kipande cha kitunguu kwenye leso angeweza kukamatwa na maabara, kama kuna mwenye muda huo.

Tukishajua kwamba gesi inaingia moja kwa moja kwenye jicho, haipiti puani kwanza, dawa nyingi za uani kule Uyole zinaanguka zenyewe. Nilijaribu. Nilibana pua kwa kibanio cha nguo nikakata vitunguu vitatu: nililia kama kawaida. Kesho yake niliazima miwani ya kuogelea, ile inayobana pembeni, nikakata vingine vitatu. Harufu ilikuwa tele, macho makavu. Miwani ya kawaida haisaidii sana kwa sababu imeachwa wazi juu na chini, na helmeti tumeshaona ilipofikia. Wanaovaa lenzi za kuweka ndani ya jicho hukata kwa raha, maana konea yao imefunikwa.

Mkate? Haufyonzi chochote cha maana. Unakufanya upumue kwa mdomo, na pumzi hiyo ikitoka mbele inaisukuma gesi kidogo mbali na uso. Kupuliza tu kungetosha. Njiti ya kiberiti ina salfa kichwani, na nadhani ndiyo sababu watu wakaihusisha, lakini salfa ya njiti haina ugomvi wala urafiki na gesi inayopita mbele yake. Kuhusu ganda la kichwani sina la kusema.

Kuna swali lililonichukua muda kuliko yote: mbona vitunguu vingine vinaliza na vingine havilizi? Sokoni Mwanjelwa watu wana majibu. Vyekundu vikali, vyeupe laini. Vidogo vikali, vikubwa laini. Kuna ukweli ndani yake, kwa sababu aina ndogo ngumu zina maji machache na zile kubwa laini zimejaa maji, lakini rangi na ukubwa si mzizi wa jambo. Mzizi uko kwenye udongo.

Malighafi ya machozi inatengenezwa kwa salfa, na mmea huipata hasa ardhini. Udongo wenye salfa nyingi huzaa kitunguu kikali. Mfano unaojulikana duniani ni Vidalia, kule Georgia nchini Marekani, ambako udongo wa kichanga una salfa kidogo sana. Vitunguu vyake ni vitamu hadi watu hung'ata vibichi. Mbegu ile ile ukiipanda kwenye udongo wenye salfa inakuwa mbogo.

Sasa tazama mbolea zetu. Mkulima wa Ilula au wa Ruaha Mbuyuni anayekuzia kwa urea anaupa mmea naitrojeni bila salfa yoyote. Jirani yake anayekuzia kwa SA, yaani salfeti ya amonia, anatia naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa asilimia 24. Wote wawili wanaweza kuwa wamenunua mbegu duka moja, wamemwagilia kutoka mfereji mmoja, na magunia yao yakapanda lori moja kuelekea Mbeya au Dar es Salaam. Ukifika sokoni hakuna atakayekuambia kitunguu hiki kilikula nini. Ongeza na jua: mmea uliokosa maji au kupigwa na joto kali karibu na kuvuna hutoa kitunguu kikali zaidi. Kukaa ghalani nako kwa kawaida huongeza ukali badala ya kuupunguza. Kwa hiyo kile kitunguu cha mwisho kilichobaki kwenye tenga, kilichokauka ganda, ndicho cha kuogopa.

Ukali huo si hasara kwa mkulima. Kitunguu kikali hukaa miezi. Kitamu, chenye maji mengi, kinaoza mapema, na asiye na ghala zuri hawezi kumudu hasara hiyo. Tunalia ili kitunguu kifike sokoni. Sioni ubaya.

Baridi inastahili maneno yake, hasa kwetu. Vimeng'enya hufanya kazi kwa joto kama sisi tulivyo wazito kutoka kitandani alfajiri ya Julai, na gesi nayo hupaa polepole kitunguu kikiwa cha baridi. Mwenye friji aweke kitunguu nusu saa kabla ya kukata. Asiye nayo na anakaa Mbeya, Makambako au Njombe, Mungu amemwekea friji nje ya mlango kuanzia Juni mpaka Agosti: kiache barazani usiku, kikate asubuhi. Dada yangu aliyeolewa Kyela hulalamika kwamba vitunguu vya huko "vina pilipili". Ananunua vilevile vinavyotoka huku kwetu. Tofauti ni joto la jikoni kwake, kule chini karibu na ziwa. Ila usifanye friji kuwa ghala, kwani unyevu wake hulainisha vitunguu na kuviotesha ukungu. Na usivichanganye na viazi kwenye tenga moja, vinaharibiana.

Joto kali nalo linaua kimeng'enya kabisa. Kitunguu kilichozamishwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja mbili hakilizi kama kibichi, lakini kinalegea tabaka za nje. Kwa mchuzi hakuna shida. Kwa kachumbari utakuwa umeharibu, maana kachumbari bila kukwaruza meno ni nini?

Nirudi kwa shangazi na kisu chake, kwa sababu hapo ndipo penye siri kubwa kuliko zote, na watu hawapapi uzito.

Kisu butu hakikati kitunguu. Kinakikandamiza. Tazama kwa karibu siku moja: ngozi ya juu ya tabaka la kitunguu, ile nyembamba inayong'aa, ni ngumu kuliko nyama iliyo chini yake. Kisu butu kinaisukuma bila kuipasua, nyama ya chini inabanwa, maji yanajaa presha, halafu ngozi inapoachia ghafla yanaruka juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walirekodi jambo hili kwa kamera za kasi na kutangaza matokeo mwaka 2025. Kisu kikiwa butu au kikipigwa kwa haraka, matone yanayoruka yanakuwa mengi zaidi na yanaruka kwa nguvu zaidi. Kisu kikali kikishuka polepole, matone ni machache. Matone hayo ni madogo mno kuyaona kwa macho, na yamebeba malighafi na vimeng'enya pamoja. Kwa hiyo machoni hauletewi gesi tu, unaletewa kiwanda chenyewe.

Hili liligeuza mawazo yangu kuhusu wapishi wa chipsi na wale wa televisheni wanaokata kwa mbwembwe, ta-ta-ta-ta-ta. Kasi haiwaokoi. Wanaokolewa na makali ya kisu. Mwige kasi yao ukiwa na kisu cha nyumbani kilichofungulia makopo, utakiona.

Shangazi hana jiwe la kunolea. Anageuza kikombe cha udongo au sahani nzito juu chini, na kwenye ule ukingo wa kitako usio na rangi, unaokwaruza kidole, anapitisha kisu kwa kukilaza, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, kama anayepaka siagi kinyumenyume. Kisha anajaribu kwenye ganda la nyanya. Kikizama bila kusukumwa, kiko tayari. Kikiteleza, anarudia. Inachukua dakika mbili, na katika vitu vyote nilivyojaribu hakuna kilichonipunguzia machozi kwa bei hiyo.

Namna ya kukata ina maana pia. Seli za kitunguu zimelala kwa urefu, kutoka kwenye mizizi kwenda kwenye majani, kwa hiyo ukikata kufuata urefu huo unavunja seli chache kuliko ukikata duara. Pilau inataka vipande vya urefu hata hivyo, tunashukuru. Kitako cha mizizi kiache mpaka mwisho. Malighafi huwa nyingi zaidi kuelekea chini na ndani, na kitako kikibaki kinashikilia tabaka zisisambae, unamaliza mapema bila kukimbizana na vipande.

Halafu upepo. Wengi wetu tunajua tukae penye upepo, ila tunakaa vibaya. Upepo ukikupiga mgongoni, mwili wako unakuwa ukuta. Mbele ya kifua panabaki hewa isiyotoka, inazunguka na kupanda usoni pamoja na joto la mwili. Ukikupiga usoni, ni heri kidogo. Ukikupiga ubavuni, unabeba gesi kabla haijapanda. Usiku ule wa Uyole tulikaa duara, kwa hiyo kila upepo ulikuwa na wa kumwonea. Na beseni lipelekwe jikoni kila likifika robo, au lifunikwe, au vipande vitiwe kwenye maji. Maji yanaimeza gesi kabla haijafika mbali. Kwa kachumbari hii ni faida mara mbili, ingawa kwa pilau kitunguu kilicholowa kinagoma kuwa kahawia na kinachemka kwenye mafuta yake. Usijaribu kukatia ndani ya beseni la maji. Kinateleza, na damu ni mbaya kuliko machozi.

Wale wanaofikicha vitunguu kwa chumvi kabla ya kachumbari wajue kinachotokea. Kufikicha ni kuvunja seli kwa makusudi, kwa hiyo dakika ile ndiyo kali kuliko zote, geuza uso. Baada ya hapo unasuuza na ukali unaondoka na maji. Ndimu na siki hufanya kazi kwa njia nyingine, asidi yake inakilegeza kimeng'enya. Ukikamulia ndimu ubao na kisu utaona nafuu kidogo, wala si miujiza.

Je, macho ya shangazi yamezoea? Kidogo, labda. Neva zikichokozwa mfululizo hupunguza ukali wake kwa muda, ndiyo maana kitunguu cha kumi hakiumi kama cha pili. Lakini siku nyingine nilimpa kisu changu cha zamani bila kumwambia kitu. Kitunguu cha tatu alikuwa anatafuta khanga ya kufutia.

Kwingineko wameamua kumaliza ugomvi kwenye mbegu. Mwaka 2008 watafiti wa New Zealand walionyesha kitunguu ambacho fundi wake wa pili alikuwa amezimwa kwa kugusa jeni. House Foods wenyewe walikuja na chao mwaka 2015, kinaitwa Smile Ball, walichokipata kwa kupiga mbegu mionzi na kuchagua zilizopoteza karibu aliineisi yote. Marekani wanauza Sunions, waliovipata kwa kupandisha mbegu kwa njia ya kawaida tangu miaka ya 1980. Ukitazama kwa makini, hivi si kitu kimoja. Ukimzima fundi wa pili pekee, aliineisi bado ipo na ladha kali inabaki. Macho tu ndiyo yanapona. Ukiiondoa aliineisi yenyewe, umeondoa machozi pamoja na ukali wote, unabaki na kitu kitamu kama tunda. Sijaonja chochote kati ya hivyo. Cha kwanza ningekipokea kwa mikono miwili. Cha pili, pembeni ya nyama choma, kingenihuzunisha.

Turudi uani. Saa nane usiku gunia la kwanza liliisha tukafungua lile la barazani. Vitunguu vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, hata kuvimenya vidole viliuma. Tulikata karibu saa nzima na ni watu wawili watatu tu waliofuta macho. Siwezi kusema ilikuwa baridi peke yake. Kufikia wakati huo shangazi alikuwa amechoka kututazama, alikusanya visu vyote akavipitisha kwenye kitako cha sahani kimoja kimoja, akimrudishia kila mtu chake na maneno yale yale: "Kikate, usikikamue." Pia watu walikuwa wamesogea, duara limevunjika, tumekaa mstari mmoja kando ya ukuta, na macho yalikuwa yameshachoka kushtuka. Sababu nne kwa mpigo, na kila moja inadai sifa. Ndiyo maana nilizipima nyumbani moja moja.

Wifi naye alimaliza gunia lile njiti ikiwa bado iko kwenye meno, imelowa mate. Akanitazama kwa macho makavu kabisa.

"Si unaona?" akasema.